Mkono wa mtoto na fishi ya chanjo: miezi inayopotea Kivu na Ituri

Siku ya chanjo, vituo vya afya vya Kivu na Ituri vinafanana. Wamama wameketi ku benchi tangu asubuhi, fishi mkononi, mtoto ku magoti ao ku mgongo. Muuguzi anaita jina, anapima kilo, anachoma sindano ku paja, anaandika tarehe, anaita mwingine. Mara moja moja anakuja mtoto mwenye mkono mmoja ulionyooka kando ya mwili, kiganja kimegeukia nyuma. Mkono mwingine unarukaruka na kushika kikwembe cha mama. Ule wa kwanza umelala tu. Sindano inachomwa, tarehe inaandikwa, mama anarudi nyumbani.

Hakuna aliyekosa kazi yake pale. Fishi inauliza chanjo na kilo, haiulizi mkono. Lakini kwa mtoto yule, wiki ya 14 ya maisha yake, yaani siku ya dozi ya tatu, ni tarehe ya maana sana. Ni karibu na wakati ambapo waganga wa neva, huko wanakopasua watoto wa namna hii, wanaamua kama mkono utapona wenyewe ao unahitaji kisu. Ikipita bila mtu kuangalia kiwiko, saa inaendelea kutembea, na kuna milango ambayo baadaye haifunguki tena.

Operesheni yenyewe ipo duniani na inajulikana, ijapokuwa iko mbali na ni ya bei. Lakini watoto wengi wa mashariki mwa Kongo wanapoteza mkono wao mbele hata ya kufikia swali la bei. Wanaupoteza ndani ya miezi sita ya kwanza, wakati kila mtu anawaambia wazazi wangojee.

Ni nini kinachoumia

Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "mishipa" kwa vitu vingi: mishipa ya damu, kano zinazovuta mifupa, na mishipa ya fahamu ambayo waganga wanaita neva. Hapa tunazungumza juu ya neva. Kwa kila upande wa shingo, mizizi mitano ya neva inatoka ku uti wa mgongo, inaungana na kugawanyika chini ya mfupa wa bega, halafu inashuka mpaka ku vidole. Mizizi ya juu inainua bega na kukunja kiwiko. Ile ya chini inafunga na kufungua vidole.

Wakati wa kuzaa, kuna mara kichwa cha mtoto kinatoka lakini bega linakwama nyuma ya mfupa wa mbele wa nyonga ya mama. Dakika zile ni za hatari kwa wote wawili. Mzalishaji anaogopa mtoto akose hewa, anavuta kichwa. Kichwa kinakwenda upande mmoja, bega linabaki, neva za shingo zinavutwa sawa kamba. Hatari inaongezeka mtoto akipita kilo 4, mama akiwa na ugonjwa wa sukari, vantuzi ikitumiwa, ao mtoto akitangulia na matako. Lakini inatokea pia kwa mtoto wa kilo 3 na mama mzima. Hata sezariene inapunguza hatari tu, haiimalizi yote.

Neva ikivutwa inaweza kupata moja ya mambo matatu. Inaweza kunyooshwa tu bila kukatika: hiyo inapona. Inaweza kukatika katikati: ncha mbili zinatafutana, zinakutana na kovu, na mara nyingi hazivuki. Inaweza pia kung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo, sawa muhogo unaong'oka na shina lake: hiyo haiwezi kujirudisha hata kidogo. Shida ni kwamba siku mtoto anazaliwa, mikono hiyo mitatu inaonekana sawasawa. Yote imelala. Ni muda tu unaoitofautisha.

Umbo la kawaida linaitwa kwa majina ya Duchenne wa Ufaransa na Erb wa Ujerumani, ambao walilieleza katika karne ya 19. Andiko la Erb ni la mwaka 1874. Bega halinyanyuki, kiwiko hakikunji, kiganja kinatazama nyuma, lakini vidole vinashika. Mwaka 1885 Augusta Klumpke, huko Paris, alieleza umbo linalogusa mizizi ya chini, ambapo mkono wenyewe ndio hauna nguvu. Mara ingine yote mitano imeumia na mkono mzima umelegea. Kama pamoja na hayo kope la jicho la upande ule limeshuka na mboni ni ndogo kuliko ile ingine, ni alama mbaya: inaonyesha kwamba mizizi ya chini imeumia karibu sana na uti wa mgongo.

Saa ya neva

Vitabu vya uganga vinasema shida hii inapata kati ya watoto chini ya 1 na 4 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa, kulingana na nchi na namna ya kuzalisha. Kongo, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, inazaa watoto zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Tukichukua hesabu ya chini, mmoja kwa 1,000, ni watoto zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa nchi nzima. Wengi wao watapona bila kisu. Zamani waganga waliandika kwamba wanaopona wanafika 9 kwa 10. Wale waliokuja kuhesabu vizuri zaidi walikuta kwamba watoto 2 ao 3 kwa kila 10 wanabaki na upungufu fulani. Hata tukishika 2 kwa 10, ni watoto 800 wapya kila mwaka. Hiyo ni hesabu ya kalamu tu, lakini inatosha kuonyesha kwamba si jambo la mtoto mmoja wa kijiji kimoja.

Basi namna gani ya kutambua yule asiyepona? Neva inayojirudisha inakua polepole, karibu milimita 1 kwa siku, yaani sentimita 3 kwa mwezi. Kutoka shingoni mpaka ku msuli wa mbele wa mkono, ule unaokunja kiwiko, safari ni ya miezi. Na msuli unaongojea neva haungoji milele. Ukikaa muda mrefu bila amri, unakauka na kugeuka mafuta na kovu. Baada ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu hivi, hata neva ikifika, inakuta nyumba imeanguka.

Ndiyo maana wapasuaji wa Paris, Alain Gilbert akiwa mbele, waliweka kanuni rahisi katika miaka ya 1980: kama mtoto wa miezi 3 hajaanza kukunja kiwiko chake, afikiriwe kwa operesheni. Wengine, kama timu ya Toronto huko Kanada, wanangojea zaidi kwa wale ambao vidole vinafanya kazi, na kwa miezi 9 wanampa mtoto biskuti mkononi waone kama anaifikisha mdomoni bila kuinamisha kichwa sana. Mabishano hayo hayajaisha. Lakini pande zote mbili zinakubaliana kwa jambo moja: mtoto mwenye mkono mzima uliolegea hapaswi kungoja, na mwenye kiwiko kisichokunja kwa miezi 3 lazima aonwe na mtu anayejua, halafu aonwe tena na tena. Kusema tu "itapona" na kumrudisha nyumbani hakumo katika kanuni ya yeyote.

Wapasuaji wanafanya nini

Jaribio la kwanza la kushona neva hizi kwa watoto liliandikwa na Robert Kennedy wa Glasgow mwaka 1903. Matokeo ya wakati ule yalikuwa dhaifu, operesheni ikaachwa kwa miaka mingi. Ilirudi mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati darubini ya upasuaji na uzi mwembamba kuliko unywele viliwezesha kazi ambayo jicho peke yake haliwezi.

Mpasuaji anafungua shingo juu ya mfupa wa bega, anatafuta neva moja moja, anazijaribu kwa umeme mdogo. Palipo na kovu gumu, analikata mpaka afikie neva nzima kwa pande zote mbili. Hapo panabaki pengo. Ili kulijaza, anatoa neva nyingine nyuma ya mguu, ile inayoleta hisi upande wa nje wa kanyagio. Mtoto akiipoteza, kipande kidogo cha ngozi ya mguu kinapungukiwa na hisi, lakini anatembea na kukimbia bila shida. Vipande vya neva ile vinashonwa ku shingo sawa daraja, ili nyuzi mpya za neva zivuke.

Kama mzizi uling'oka, hakuna ncha ya juu ya kushonea daraja. Hapo mpasuaji anakopa: anachukua sehemu ndogo ya neva inayofanya kazi na kuiunganisha kwa ile iliyokufa. Mwaka 1994 Christophe Oberlin alionyesha namna ya kuchukua uzi mmoja wa neva ya upande wa kidole kidogo na kuupeleka kwa msuli unaokunja kiwiko. Kidole kinaendelea, kiwiko kinapata amri.

Mzazi anapaswa kujua kwamba siku ya kutoka hospitali mkono bado umelala sawa mbele. Neva inaanza safari yake ya milimita moja kwa siku. Msogeo wa kwanza unaweza kuonekana baada ya miezi sita ao zaidi, na kazi ya mazoezi inaendelea kwa miaka. Mkono haurudi sawa kabisa na mwenzake. Faida ni hii: mkono wa kusaidia, unaofika mdomoni, unaoshika beseni, mahali pa mkono unaoning'inia.

Kuna pia operesheni za baadaye. Mtoto wa miaka 3, 5 ao 8 ambaye bega lake limegeukia ndani anaweza kuhamishiwa msuli kutoka mgongoni ili umsaidie kuinua na kugeuza mkono nje. Ama mfupa wa mkono unakatwa na kugeuzwa, kiganja kipate kutazama mbele. Hizo hazihitaji darubini. Ni kazi ya mpasuaji wa mifupa aliyezifundishwa. Kwa hiyo mzazi wa mtoto mkubwa asifikiri kwamba yote yamekwisha. Mlango wa neva ndio unafungwa mapema. Mlango wa misuli na mifupa unabaki wazi kwa muda, kama viungo vyenyewe havikukakamaa. Na hicho, kukakamaa, kinazuiwa na mazoezi ya kila siku, si na kisu.

Namna miezi inavyopotea

Tuchukue mfano wa mama anayezalia kituo kidogo kando ya ziwa, saa nane ya usiku, mzalishaji akiwa peke yake na taa ya simu. Bega linakwama. Mtu mmoja wa familia anaambiwa akamue tumbo la mama kutoka juu, mwingine anavuta. Mtoto anatoka, analia, wote wanashukuru Mungu. Na kweli ni pa kushukuru: angeweza kufa. Asubuhi mama anaona mkono hausogei.

Kwanza anaambiwa ni mfupa. Inawezekana: mfupa wa bega unavunjika mara nyingi katika uzazi kama huo, na ule unaunga wenyewe kwa wiki chache. Lakini mfupa na neva vinaweza kuumia pamoja, na mfupa ukipona ndipo inaonekana kama kuna kingine. Jirani anasema ni sindano ya BCG, kwa sababu ile inachomwa ku mkono. Hapana: BCG haiui neva za mkono, na mtoto alikuwa hausogezi mbele ya sindano. Mwingine anasema mama alilogwa, ao alitembea fasi mbaya akiwa na mimba. Bibi anamupeleka kwa mkandaji, anavuta mkono na kuukanda kwa mafuta ya moto. Hivyo wiki ya 6 inafika, halafu ya 10, halafu ya 14.

Kila mara muuguzi akiulizwa anajibu: itapona. Jibu hilo ni kweli kwa wengi, na ndiyo sababu ni la hatari. Akilisema kwa watoto kumi, saba ao nane watamupa haki. Wale wengine hawatarudi kumwambia alikosea. Watabaki nyumbani, na mtoto atajifunza kutumia mkono mmoja. Kuna na woga. Muuguzi anayeandika "mkono haukunji" anahisi kama anamushitaki mwenzake aliyezalisha. Kumbe bega linalokwama mara nyingi halitabiriki, na linakwama hata katika hospitali kubwa za Ulaya. Pahali ambapo watu wanaogopa kuandika, hakuna anayejifunza.

Halafu inakuja njia na pesa. Tangu mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipochukua Goma, na mwezi wa pili Bukavu, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, banki zikafunga milango, na safari kati ya maeneo ya pande mbili za vita ikawa jambo la kufikiri mara mbili. Mwaka ule ule Marekani ilikata misaada ambayo vituo vingi vya afya vya mashariki vilikuwa vinaitegemea. Mzazi wa Walikale, Fizi ao Djugu hawezi kuambiwa kirahisi "peleka mtoto Kinshasa". Kuvuka mpaka kwenda Kigali ao Kampala ni karatasi, ni dola, ni kulala fasi isiyo ya kwenu. Ndiyo maana mwezi unaopotea nyumbani ni wa bei kubwa: familia inahitaji muda wa kukusanya pesa, na muda huo unapaswa kuanza kuhesabiwa mapema.

Mpango wa kuzaa bure, ambao serikali ilianzisha Kinshasa mwezi wa tisa 2023 na kuusogeza kwa majimbo mengine, unagusa jambo hili kwa upande mmoja. Mama anayezalia materinite bila kuogopa malipo ana nafasi nzuri ya kusaidiwa na mtu anayejua. Lakini mpango wa uzazi unaangalia mama na mtoto mchanga, na kwa hesabu ya afya mtoto mchanga ni siku 28 za kwanza. Neva inatoa jibu lake kwa mwezi wa tatu. Jeraha lililopatikana ku meza ya kuzalia linafika kwa mpasuaji wakati mtoto si "mchanga" tena. Kama wakubwa wa afya wanataka mpango huo uwe na maana kwa watoto hawa, lazima waseme wazi nani anabeba matunzo ya jeraha la uzazi baada ya mwezi wa kwanza.

"Kuna kipindupindu na vita, mkono ni nini?"

Swali hilo linaulizwa, na si la kijinga. Kituo kisicho na damu wala oksijeni kina mambo ya kuokoa uhai mbele ya kuokoa kiwiko. Lakini mambo yanayoombwa hapa hayanyanganyi kitu kwa wagonjwa wengine. Kukunja miguu ya mama sana mpaka magoti yakaribie tumbo, na mwenzako kukandamiza juu kidogo ya mfupa wa nyonga, si juu ya tumbo, ni ufundi usio na mashine. Mara nyingi unafungua bega bila kuvuta, na unaokoa uhai wa mtoto pamoja na mkono wake. Kukamua tumbo kutoka juu, kwa upande wake, kunazidi kulibana bega ku mfupa. Kufundisha hilo ni kazi ya nusu siku kwa mwanasesere na meza.

Swali la pili ni gumu zaidi: kuna faida gani ya kutambua mtoto kama mpasuaji wa neva hayuko karibu? Kuna tatu. Ya kwanza, mazoezi hayangoji mpasuaji, na mtoto aliyetambuliwa anaepuka bega lililokakamaa. Ya pili, familia inapata kuamua yenyewe, na miezi mkononi, si kusikia kwa mwaka wa pili kwamba wamechelewa. Ya tatu ni ya muda mrefu: ugonjwa usioandikwa ku rejista hauletewi mpasuaji.

Na mashariki mwa Kongo inajua somo hilo kwa mwili wake. Fistula nayo ni jeraha la uzazi uliokwama. Kwa miaka mingi wanawake waliificha, wakafukuzwa nyumbani, wakaambiwa ni laana. Halafu hospitali ya Panzi, ambayo muganga Denis Mukwege alianzisha Bukavu mwaka 1999, na HEAL Africa huko Goma, walianza kuwapasua, kufundisha wapasuaji wa hapa, na kupitisha matangazo kwa redio na makanisa. Kilichokuwa aibu kikawa ugonjwa wenye jina, wenye mahali pa kwenda. Uzazi ule ule uliokwama unaweza kumuumiza mama upande mmoja na mtoto upande mwingine. Jeraha la mama limepata jina. La mtoto bado linaitwa "mkono uliokufa".

Mstari mmoja ku fishi

Ratiba ya chanjo ya Kongo ni moja ya mambo machache ambayo yanaendelea hata wakati wa vita: kuzaliwa, wiki 6, wiki 10, wiki 14, halafu miezi 9. Mtu angetaka kutengeneza ratiba ya kufuata neva za mkono, asingepata nzuri kuliko hiyo. Wiki ya 6, kuona kama mkono umeanza. Wiki ya 14, kuona kama kiwiko kinakunja kwenda juu. Miezi 9, biskuti ao kipande cha ndizi mkononi.

Zone ya afya haihitaji kungoja Kinshasa kwa hilo. Muganga mkuu wa zone anaweza kuomba vituo vyake viandike mstari mmoja: mikono yote miwili inakunja, ndiyo ao hapana. Ikiwa hapana kwa wiki ya 14, mtoto anapewa barua ya kwenda hospitali kuu, na jina lake linabaki kwa orodha. Wa RECO wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kulijua swali hilo pia. Baada ya mwaka mmoja, zone itakuwa na hesabu ya kweli. Na mwenye hesabu anaweza kumwita mpasuaji anayetembea kuja kwa wiki moja, ao kutuma muganga kijana kujifunza.

Wazazi nao wana kazi ambayo hakuna atakayewafanyia. Mtoto akizaliwa na mkono usiosogea, waombe iandikwe ku karatasi ya uzazi siku ileile, mkono gani na kilo ngapi. Waombe radio ya bega kama ipo. Wasimunyanyue kwa kumvuta mikono wala kwa makwapa. Kumvalisha, mkono ulioumia unatangulia. Kumvua, unakuja wa mwisho. Ku mgongo, mkono ukae ndani ya kikwembe, usining'inie. Wasimupeleke kuvutwa ao kukandwa kwa nguvu. Wiki mbili hivi zikipita, muganga wa mazoezi awaonyeshe namna ya kusogeza bega, kiwiko na kiganja polepole, zaidi kugeuza mkono nje huku kiwiko kimeshikwa karibu na ubavu, mara chache kila siku, kwa mfano wakati wa kumbadilisha nguo. Centre za walemavu kama Heri Kwetu huko Bukavu na Shirika la Umoja huko Goma zina uzoefu wa miaka wa kusaidia watu wenye shida za viungo, na ni fasi ya kwanza ya kuuliza. Kwa operesheni za misuli na mifupa, hospitali za nchi jirani zinazojulikana kwa upasuaji wa watoto, kama CoRSU kati ya Kampala na Entebbe, ao Rilima huko Rwanda, zinaweza kuulizwa. Kabla ya kuuza mbuzi na kuvuka mpaka, barua ya muganga na picha ya video ya mtoto akisogeza mikono zitumwe kwa simu: mtu anayejua ataona mengi kwa dakika moja.

Mtoto wa Kivu atakayekua na mkono mmoja dhaifu ataishi. Ataenda shule, ataoa ao ataolewa. Lakini atabeba bidoni ya litri 20 kwa upande mmoja, atalima kwa jembe ambalo linataka mikono miwili, atafunga mtoto wake ku mgongo kwa kuomba msaada. Ni miaka sitini ya kazi inayoamuliwa katika miezi michache ya kwanza, wakati bado ananyonya.

Siku ya chanjo itakayokuja, benchi itajaa tena. Muuguzi ataita jina, atapima kilo, atachoma sindano. Mbele ya kuita mwingine, anaweza kumwekea mtoto kidole ku kiganja na kungoja kidogo, aone kama kiwiko kinakunja. Inachukua muda mfupi kuliko kuandika tarehe.